Je, wajua kwa nini kamera ndogo ya megapikseli 20 inaweza kuishinda simu ya megapikseli 108?

Hili swali linaulizwa sana hapa Mtwara mjini, hasa na vijana wanaotaka kuanza kupiga picha za kila siku, za nyumbani, za mtaani, za ufukweni Shangani. Mtu anakwambia simu yangu ina megapikseli 108, sasa kwa nini nitoe hela ninunue kikamera cha mfukoni chenye megapikseli 20? Jibu fupi ni kwamba megapikseli sio kipimo cha uzuri wa picha. Jibu refu linahitaji tukae kidogo, maana hela ya kamera sio ndogo na wauzaji wengi wanaanza kukutajia megapikseli kwa sababu ndo namba kubwa kuliko zote kwenye boksi.

Megapikseli moja ni nukta milioni moja za picha, basi. Ukienda studio kusafisha picha ya postikadi, ile ya inchi 4 kwa 6, kwa nukta 300 kila inchi unahitaji pikseli 1200 kwa 1800, yaani megapikseli 2 na kidogo. Karatasi nzima ya A4 inataka kama 9 hivi. Kwahiyo 20 zinatosha na zinabaki, hata ukitaka kukata pembeni kidogo. Na simu ya 108 yenyewe kwa kawaida haikupi 108, inaunganisha pikseli tisatisa zinakuwa moja halafu inakutolea picha ya megapikseli 12, kwa sababu watengenezaji wanajua pikseli moja peke yake pale ni ndogo mno, haishiki mwanga wa kutosha.

Mwanga ndo kila kitu, na kinachoupokea ni sensa, kile kibamba kilichokaa nyuma ya lenzi. Ndugu zetu wa Newala na Tandahimba kule uwandani wanakokinga maji ya mvua kwenye bati watanielewa haraka, mvua ni ileile na imenyesha muda uleule lakini mwenye paa kubwa tanki lake linajaa na mwenye paa dogo anapata ndoo mbili tatu, na huyo wa paa dogo hata aligawe bati lake vipande 108 maji hayaongezeki. Sensa ni hivohivo, na ya simu kwa kawaida ndo hilo paa dogo. Mwanga ukiwa mchache, kamera inalazimika kuukuza kwa kupandisha ISO, yaani namba ya huo ukuzaji, na ikikuza inakuza na kasoro zote, ndo unaona zile chengachenga kwenye picha ya usiku. Halafu kamera ikijaribu kuzifuta chenga inafuta na vitu vya maana, nywele, mishono ya nguo, maua ya kanga, sura inabaki laini isiyo na uhai.

Sasa tupime. Kamera ndogo nyingi za bei rahisi za zamani zina sensa inayoitwa 1/2.3, upana wake kama milimita 6.2 kwa 4.6. Sensa inayoitwa ya inchi 1 ni milimita 13.2 kwa 8.8, eneo lake ni karibu mara nne ya hiyo ya kwanza. (Usipime na rula, hakuna inchi kamili hapo, hilo jina limerithiwa kutoka mirija ya kioo ya kamera za televisheni za zamani.) Juu yake ipo APS-C, kama milimita 23.5 kwa 15.6, mara 13 ya ile ndogo. Kwahiyo ukiambiwa kamera hii ina 20 na ile nayo ina 20, uliza sensa kwanza, hizo 20 sio sawa hata kidogo.

Kitu cha pili ni tundu la lenzi, ile namba ya f. Namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa, na f/1.8 inaingiza mwanga karibu mara nne ya f/3.5. Angalia namba zote mbili zilizoandikwa kwenye lenzi, maana ya kwanza ni ukiwa hujavuta zumu na ya pili ukiwa umevuta hadi mwisho. Sony RX100 ya kwanza ya mwaka 2012, ambayo ndo iliyofungua njia ya kamera za mfukoni zenye sensa ya inchi 1, inaanza f/1.8 ila ukivuta hadi mwisho inafika f/4.9, wakati Canon G7 X ya 2014 inaishia f/2.8. Ukipiga harusi ukumbini ukiwa umekaa nyuma, hiyo tofauti ni ya mara tatu ya mwanga, utaiona kwa macho.

Simu nayo tuipe haki yake. Inapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuzichanganya, ndo maana picha ya usiku ya jengo au ya mtu aliyetulia inatoka safi sana, na zipo simu za bei kubwa zenye sensa ya inchi 1 kabisa, kama Xiaomi 12S Ultra ya 2022. Shida inakuja kitu kikicheza. Nenda kwenye ngoma baada ya mavuno, watu wa sindimba wameshika kasi, viuno vinaenda kuliko macho yanavofuata, hapo unahitaji shata, ile pazia ya kamera, ifunguke na kufunga kwa 1/250 ya sekunde au haraka zaidi, na kule kuchanganya picha kunaleta mkono wenye kivuli chake pembeni. Na kumbuka Mtwara na Lindi tupo mashariki kabisa mwa nchi, jua linatuaga kama dakika 40 hivi kabla ya wenzetu wa Kigoma, saa 12 na dakika zake jioni limeshazama na giza linaingia haraka, wakati ngoma yenyewe ndo kwanza inakolea. Sensa kubwa na tundu kubwa ndo zitakuokoa pale.

Mchana nao una mambo yake na hili naliona watu wengi hawalisemi. Kamera ikipima mwanga inachukulia kwamba kila kilicho mbele yake kikichanganywa pamoja kinakuwa kijivu cha katikati. Msimamishe dada yako kwenye mchanga mweupe wa Msimbati saa saba mchana, kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, mchanga unatoka vizuri na sura yake inapotea macho hayaonekani. Kosa sio rangi yake, ni kipimo cha mashine. Dawa ni kitufe cha +/-, weka +0.7 au +1 upige tena. Ukimsogelea mpaka sura ikajaza picha nzima inageuka, sasa kamera inaongeza mwanga kupita kiasi na ngozi inapauka, hapo rudisha kwenye minus. Weusi wetu una kahawia ndani yake, una wekundu, una mng'ao wa jasho na mafuta, inauma kuona vyote vimefutwa na mashine isiyojua inamtazama nani! Kwahiyo mimi kamera ambayo hicho kitufe kimefichwa ndani ya menyu siipendekezi kwa mtu wa huku, tafuta yenye gurudumu au kitufe cha nje. Na ikiwa inahifadhi RAW, yaani faili ghafi ambayo kamera haijaichakata, ni bora zaidi, utaweza kuinua kivuli cha usoni baadaye bila kuharibu anga, na sensa kubwa inavumilia hilo kuliko ndogo.

Nichague basi? Kwa picha za kila siku chukua ya sensa ya inchi 1 yenye zumu fupi, hata ya mtumba. Anayependa mtaa na watu, asiyejali zumu, aangalie Ricoh GR III, ina APS-C na lenzi moja isiyovuta, na bado haifiki gramu 260. Wa baharini, wavuvi, wanaozamia Mnazi Bay, hao ni Olympus TG-6, sensa yake ni ndogo ndio lakini inazama hadi mita 15 na mchanga hauingii. Zile zenye zumu ya mara 30 na sensa ya 1/2.3 mimi ningeziacha, labda kama unapiga ndege tu.

Mtumba ukague vizuri. Washa na uzime mara kadhaa usikilize lenzi ikitoka, ikikwaruza ujue mchanga umeingia, na kwa pwani yetu hiyo ni kawaida sana. Mulika tochi ya simu kwenye kioo uone kama kuna utando wa fangasi, hewa yetu ya unyevu inauleta. Piga anga au ukuta mweupe kwa f/8, madoa yakitokea palepale kila picha ni vumbi limeshakaa kwenye sensa na kulitoa lazima fundi afungue. Betri iliyovimba usiipokee. Na kwa wale vijana wanaotafuta zile Cyber-shot za Sony za miaka ya 2000 kwa ajili ya rangi zake, ulizeni memori kadi kabla ya bei, nyingi za zama zile zinatumia Memory Stick, na za Olympus na Fujifilm nyingi xD, kadi ambazo dukani hazipatikani kirahisi tena, kwahiyo kama haiji na kadi yake na chaja yake mwachie mwenyewe.