Bagi la mchangani: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

"Weka injini kubwa, mchanga unataka nguvu." Ukitaka kuunda bagi, yaani kigari chepesi cha kukimbilia mchangani, utaambiwa hivyo kwenye gereji za Gerezani, Dar es Salaam, kabla hujamaliza kusalimia. Si kweli. Mchanga unataka wepesi. Bruce Meyers alipounda bagi lake la kwanza huko California mwaka 1964, alichukua injini ya Volkswagen Beetle, ile inayopozwa kwa hewa, akaivika bodi ya faibaglasi. Mwaka 1967 yeye na mwenzake walitoka La Paz hadi Tijuana, Meksiko, kwa saa 34 na dakika 45, wakaipiku rekodi ya pikipiki kwa saa kama tano. Gari halikuwa na milango wala rejeta, na injini ilikalia magurudumu yaleyale yanayosukuma. Ukilibebesha injini nzito, linajichimbia.

"Nikiagiza seti, kila kitu kimo." Seti ya Meyers ilikuwa bodi na vikorokoro vyake. Injini, gia boksi na usukani ulivitoa kwenye Beetle yako, tena sakafu yake uifupishe karibu sentimita 36. Kukata ni rahisi, kuunga ndiko kunakowashinda watu. Kwetu Beetle zimeadimika, kwa hiyo wengi huchukua gari dogo linalovuta mbele na kuhamishia injini na gia boksi nyuma ya viti. Inawezekana kabisa. Ila magurudumu yanayohama na injini hiyo yalikuwa ya mbele, yalizoea kukata kona. Usipofunga tairodi zake, vile vyuma vinavyoyageuza, kwenye fremu, gari litakuwa linajiendesha lenyewe kwa nyuma.

Kuhusu kuunda fremu kwa bomba la maji, hapo nagombana na mafundi kila siku. "Kaka, hili gumu, halitikisiki." Lile bomba la kung'aa limepakwa zinki. Nilisimama nikitazama kijana akilichomelea bila kulikwangua: moshi mweupe mzito, na weldi ikabaki na vitundu kama andazi. Fremu ya kumlinda mtu gari likibiringika haijengwi hivyo. Tafuta bomba la chuma lisilo na mshono, lenye unene wa kueleweka. Kijana alipomaliza akaagiza pakiti ya maziwa "kutoa moshi." Maziwa yanakwenda tumboni, moshi umeshaingia mapafuni. Homa na baridi ya zinki humkamata mtu jioni, akadhani ni malaria. Dawa ni kuondoa zinki kwanza, kuchomelea nje penye upepo, na kuvaa barakoa ya moshi, si kitambaa.

Na kadi ya gari lililokatwa haikupi ruhusa ya kuingia Mandela Road na kitu kingine kabisa. Nenda TRA, Mamlaka ya Mapato, kabla ya kuunganisha bomba la kwanza.

Matairi nayo: ufukweni Kigamboni usijaze upepo wa barabarani. Punguza hadi psi 15 hivi, tairi itandawae juu ya mchanga. Ukirudi kwenye lami ujaze tena, maana tairi laini likienda kasi linachemka na linaweza kuchomoka kwenye rimu. Beba pampu yako.