Kuhadikodi: maana yake, na kwa nini VAT ya Kenya ni mfano mzuri

Mtengeneza programu akimwambia mwenzake "hii umeihadikodi", anamaanisha kwamba namba, jina au anwani fulani imeandikwa ndani ya msimbo (maagizo yanayounda programu), palepale inapotumika. Kuibadilisha kunadai ufungue msimbo, uuhariri, uujaribu upya, kisha usambaze toleo jipya kwa kila mtumiaji.

Kiwango cha kawaida cha VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, nchini Kenya kilikuwa asilimia 16. Tarehe 1 Aprili 2020, wakati wa korona, kikashushwa hadi 14. Tarehe 1 Januari 2021 kikarudi 16. Sasa chukua programu ya mauzo ya dukani iliyohadikodiwa. Utadhani kazi ni kutafuta 0.16 na kuweka 0.14, basi. Lakini kwenye risiti mwandishi aliandika 1.16, maana alitaka bei pamoja na kodi. Kwenye ripoti, anapochomoa kodi iliyomo ndani ya bei, aliandika 16/116. Na chini ya risiti kuna maneno "VAT 16%". Kitu kimoja, sura nne. Ukisahau moja, risiti na ripoti hazipatani. Ukitafuta 16 tupu, utakutana pia na 16 isiyohusu kodi, kama ukubwa wa herufi.

Hatua ya kwanza ni kuipa namba hiyo jina, tuseme KIWANGO_CHA_VAT, ikae mahali pamoja na kila hesabu iichukue hapo. Ya pili ni kuitoa nje ya msimbo, iwe kwenye faili la mipangilio au hifadhidata. Wengi huishia hapo, na kwa maoni yangu bado haijatosha. Mteja alinunua bidhaa Machi 20 kwa shilingi 1,000 na kodi juu yake, akalipa 1,160. Anairudisha Aprili. Programu inasoma kiwango cha leo, inamrudishia 1,140. Shilingi 20 za mtu zimepotea, na hakuna aliyekosea kuandika chochote.

Kinachotakiwa ni jedwali lenye safu mbili: kiwango, na tarehe kinapoanza kutumika. Programu haiulizi kiwango ni kipi, inauliza kilikuwa kipi siku ya mauzo haya. Aliyejenga hivyo, Januari 2021 aliongeza mstari mmoja tu, na angeweza kuuingiza hata wiki mbili kabla.

Si namba za kodi peke yake. Mwaka 2019 Kenya ilianza kutoa namba za simu zinazoanza na 01. Fomu iliyoandikwa ikatae chochote kisichoanza na 07 ilimfungia nje mwenye 0110, ingawa laini yake ilikuwa halali kabisa.

Nywila ndiyo mbaya kuliko zote. Ikishaandikwa ndani ya msimbo, kila mwenye nakala anayo, na hata ukiifuta leo, historia ya Git, chombo kinachotunza matoleo yote ya msimbo, bado inayo. Ibadilishe nywila yenyewe.

Ila usitoe kila kitu nje. Kila mpangilio unaoongeza ni kitu kingine cha kujaribu, na mahali pengine pa mtu kukosea. Mimi hujiuliza: nani ana uwezo wa kubadilisha thamani hii? Kama ni Bunge, benki au mwenye duka, itoke kwenye msimbo. Saa kuwa na dakika 60 hakuamuliwi na yeyote kati yao, kwa hiyo iandike humohumo uendelee na kazi.