Uswisi ina jeshi, tena la siku nyingi

Kuna ujumbe unaozunguka kwenye magrupu miaka nenda miaka rudi: eti Uswisi haina jeshi na haijawahi kuvamiwa. Si kweli.

Jeshi lipo. Ibara ya 58 ya katiba yake inalitaja waziwazi na kusema msingi wake ni raia wanaotumikia kwa vipindi; ya 59 inamlazimu kila mwanamume raia kutumikia. Katiba hiyo imo kwenye tovuti ya serikali yao, hata kwa Kiingereza, na kuisoma hakuhitaji utaalamu. Askari wa kawaida hupitia mafunzo ya wiki 18, kisha hurudi benki au shambani kwake, na kuitwa tena kwa wiki kama tatu, mwaka baada ya mwaka, hadi amalize siku zake. Wengi hukaa na bunduki ya jeshi nyumbani. Mwaka 1939 waliitwa zaidi ya 400,000. Na kuvamiwa? Wafaransa waliingia 1798.

Mkanganyiko una sababu zake. Askari wa kudumu ni wachache, nchi haiegemei upande vitani, na jirani yake mdogo, Liechtenstein, alivunja jeshi lake mwaka 1868. Halafu kuna kisa cha 2014: ndege ya abiria iliyotekwa ilisindikizwa hadi Geneva alfajiri na ndege za kivita za kigeni, maana za Uswisi zilifuata saa za ofisi! Utaratibu huo ulibadilishwa mwisho wa 2020.

Ukiletewa ujumbe huo, usiusambaze. Mtumie mwenzako ibara ya 58, kwa upole.