Je wajua kwa nini sauti ya Leonard Cohen ni nzito vile kwenye albamu yake ya uzeeni?

Wapenzi wa rock hapa Chuga (Arusha) tupo wachache ila tupo, na tukikaa tu lazima mtu aulizie You Want It Darker ya Leonard Cohen, yule mwimbaji wa Canada, ile albamu ya Oktoba 2016. Mzee ana miaka 82, mgongo umevunjika pingili hata kutembea shida, wiki mbili na kidogo baadae akafariki, sasa ule mngurumo kautoa wapi?

Wengi wanasema uzee. Hapana aisee. Mwanaume akizeeka sana sauti kawaida inapanda, sababu nyuzi za sauti kooni zinakonda, ya mwanamke ndo inashuka. Wasikilize mababu wa miaka 80 wakisalimia pale kanisani Jumapili, wengi wana kisauti chembamba kinachotetemeka.

Cohen mwenyewe alikua anasema ni sigara, na inaingia akilini maana moshi unavimbisha zile nyuzi, zikiwa nene zinatikisika taratibu na besi inaongezeka (msiige jamani, kansa ya koo haina muziki).

Ila kuna maiki pia, na hii watu wanaisahau. Maiki nyingi za kuimbia zinasikia zaidi upande mmoja, sasa ukiweka mdomo karibu kabisa zinaongeza besi zenyewe, ndo maana mtangazaji wa redio hewani ni dume la nguvu ukikutana nae soko la Kilombero ananunua nyanya unabaki unashangaa, kumbe ndo huyu? Kwa mzee asiyeweza kupaza sauti hiyo ni bahati, ananong'ona tu kazi ingine inafanywa na maiki. Mwanae Adam ndo alikua prodyuza, wakarekodi hapo hapo nyumbani Los Angeles, mzee kwenye kiti cha wagonjwa na maiki iko mezani. Jukwaani asingeweza, studio unaimba mstari, unapumzika, unaendelea.

Mick Jagger, mwimbaji wa Rolling Stones, sasa ni habari ingine. Bendi yake ilitoa albamu ya Hackney Diamonds 2023 jamaa ana miaka 80 na bado anafoka. Mi nachagua Cohen, ila kufoka nako si mchezo, maiki ya karibu haikusaidii, inabidi urudi nyuma na mapafu ndo yaamue, na Jagger ni mtu wa mazoezi toka zamani, baba yake alikua mwalimu wa michezo.