Acheni kuniuliza kilomita

Jumatatu asubuhi, simu ya kwanza niliyopokea gereji hapa Tanga ilikuwa ya kijana anayetafuta gari ya michezo ya mtumba: "Shikamoo fundi. Kuna Toyota Altezza nimeiona Ngamiani, bodi safi, bei nzuri, lakini ina kilomita laki mbili na kitu. Si imeshaisha hiyo?" Nikamuuliza ina injini gani. Hajui. Taimingi belti, ule mkanda wa mpira unaopanga mwendo wa vali na pistoni, ilibadilishwa lini? Hajui. Ameisikia ikiwashwa ikiwa ya baridi? Hapana. Amelala chini akaangalia tumbo lake? Hapana. Kijana anataka kutoa milioni nane na nusu, na kitu pekee anachokijua kuhusu gari hiyo ni namba ya kwenye dashibodi. Kwa namba hiyo ameshaichimbia kaburi.

Wiki mbili kabla yake alikuja mwingine, huyu amefurahi kwa sababu hiyohiyo. Amenunua Subaru Impreza ya terbo ya mwaka 2003, namba ya usajili D, inasoma 68,000. Ameshalipa, ameshabadilisha kadi, ndipo analeta kwa fundi. Nikafungua mlango. Mpira wa pedali ya klachi umelika mpaka chuma kinang'aa. Ngozi ya usukani imekuwa laini kama kioo pale mikono inaposhika. Kiti cha dereva, upande wa mlangoni, sponji imelala. Nikafungua mfuniko wa oili, nikaupitisha kidole kwa ndani: kikatoka na tope jeusi, zito kama lami iliyoachwa juani.

Tupige hesabu pamoja. 68,000 kwa miaka zaidi ya 20 ni chini ya kilomita tisa kwa siku. Nani ananunua Impreza ya terbo aiendeshe kilomita tisa kwa siku?

Namba ya kwenye dashibodi ni maandishi tu. Kwenye gari za miaka hii imehifadhiwa kwenye chipu ndogo ya kumbukumbu, na mtu mwenye kompyuta na waya sahihi anaiandika upya kabla chai haijapoa. Kama gari imetoka Japani, dai makaratasi. Kule gari ndogo ya binafsi ikiwa mpya hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na kilomita zake huandikwa. Cheti cha kuisafirisha nje kinabeba kilomita za ukaguzi huo. Karatasi ya mnada nayo ina kilomita, ina daraja, na ina mchoro wa bodi wenye alama: A mkwaruzo, U kubonyea, W sehemu iliyonyooshwa, XX sehemu iliyobadilishwa. Daraja R au RA maana yake gari iligongwa ikatengenezwa. Muuzaji akikwambia karatasi zimepotea, basi na hizo kilomita zimepotea nazo. Usizitaje tena kwenye bei.

Lakini udanganyifu siyo unaoniudhi zaidi. Kinachoniudhi ni imani kwamba hata namba ikiwa ya kweli, ndogo ni uzima na kubwa ni kifo.

Chukua watu wawili hapa hapa Tanga. Mmoja anakwenda Dar kila wiki na kurudi. Hiyo ni karibu kilomita 700 kwa safari, na kwa mwaka anapita 30,000. Injini yake inawashwa asubuhi mara moja, inapata moto, oili inapata joto vizuri na mvuke wa maji unatoka, giya ya juu, mzunguko umetulia, saa tano mfululizo. Wa pili anaishi Raskazone, duka lake liko Ngamiani. Anawasha, anakwenda dakika nane, anazima. Mchana hivyohivyo, jioni hivyohivyo. Kwa mwaka hafikishi 5,000. Injini yake haijawahi kupata moto sawasawa. Petroli isiyoungua inashuka kwenye oili, maji yanabaki humo, na kila anapowasha, vyuma vinasuguana kabla oili haijapanda. Huyu ndiye anayeuza gari akijisifu "haijatembea". Mimi nikipewa nichague, namchukua msafiri wa Dar, hata akiwa na mara nne ya kilomita za mwenzake, mradi alikuwa anamwaga oili kwa wakati.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii kabisa. Kilomita nyingi maana yake ni kwamba madeni mengi ya gari yameshalipwa. Altezza zote, yenye injini ya 3S na yenye ya 1G, zina taimingi belti, na belti hiyo ni ya kubadilisha kila kilomita 100,000 hivi. Gari yenye 214,000 iliyotunzwa iko kwenye belti ya tatu. Imeshabadilishiwa na water pampu, rejeta labda, bushi za mbele, shokapu, klachi. Sasa chukua yenye 92,000 za kweli. Huenda bado ina belti ileile iliyotoka nayo kiwandani. Mpira wa miaka 20 na ushei. Kilomita hazijaifikia, lakini mpira haujui kusoma kilomita, unakauka na kupasuka kwa umri wake. Kwenye Subaru yenye injini ya EJ20 ya terbo, belti ikikatika vali zinakutana na pistoni, na hapo unashusha injini nzima. Bei ya "haijatembea" uliyoongeza inaishia hapo.

Na gari iliyokaa ni mbaya kuliko iliyotembea. Sili zinakauka na kuanza kuvuja siku ya kwanza unapoipeleka safari. Petroli inaoza kwenye tenki na kuziba nozeli. Kalipa za breki zinashikana. Kwa joto la hapa kwetu na unyevu huu wa pwani, miezi sita chini ya mwembe inatosha.

Nimefika kwenye kutu, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo pesa za watu zinapozama.

Injini ikifa, inapatikana nyingine ya mtumba. Giaboksi inapatikana. Terbo inapatikana. Bodi iliyooza haina spea. Sisi tunaishi na bahari. Upepo wa kusi unaleta chumvi mpaka ndani ya fito za milango, na gari inayolala Raskazone ama Mwambani inaipata kila usiku. Juu ya hapo, gari nyingine zimetoka mikoa ya kaskazini ya Japani ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo zimefika bandarini zikiwa zimeshaanza kuliwa kutoka chini. Kwenye karatasi ya mnada tafuta herufi S na C, ndizo kutu.

Usiangalie rangi. Rangi inapigwa kwa siku mbili na gari inang'aa kama bibi harusi. Piga jeki, weka stendi, ulale chini na tochi na bisibisi. Gusa kingo za matao ya tairi za nyuma. Gusa fito za chini ya milango. Fuata mabomba ya breki mpaka nyuma. Kwenye Impreza, fungua boneti na ya nyuma pia, angalia pale shokapu zinaposhika bodi kwa juu. Ukikuta chini kote kumepakwa dawa nyeusi mbichi, bado inanukia, jiulize kwa nini mtu anayeuza gari kapata moyo wa kuilinda na kutu wiki hii. Bonyeza kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia "ti". Kilichooza kinapokea bisibisi kimya kimya. Mwaka jana nilimwonyesha mama mmoja aliyekuwa anamnunulia mwanawe Toyota Celica: bisibisi iliingia kwenye fito mpaka mpini, na nilipoichomoa kukamwagika unga mwekundu kwenye kiganja changu. Gari ilikuwa inasoma 81,000. Zile kilomita zingemsaidia nini?

Mengine ni ya haraka. Uliza kama Altezza ni SXE10 au GXE10, imeandikwa kwenye chesesi. SXE10 ndiyo yenye 3S-GE ya silinda nne, na ya gia za mkono ilitoka na nguvu za farasi 210. GXE10 ina 1G-FE ya silinda sita, farasi 160, injini tulivu na nzuri, lakini usilipie bei ya ile nyingine kwa sababu tu imewekwa silensa ya kelele. Linganisha namba ya injini na kadi. Gia ya pili ikikwaruza unapoiingiza ukiwa na haraka, sinkronaiza, kile kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia, imechoka. Tairi nne za Subaru ziwe za aina moja na zimelika sawa, la sivyo mfumo wa kuendesha tairi zote unateseka.

Kupima moto wa injini kunahitaji subira. Tanga mjini ni tambarare, ukiijaribu kutoka Mabanda ya Papa mpaka Pongwe haitakwambia kitu, hata yenye gasketi mbovu ya silinda hedi itakwenda na kurudi. Ipeleke mchana wa jua kali la kaskazi, isimamishe, washa AC, iache ingurume dakika 20. Angalia sindano ya moto, angalia chupa ya maji kama inatoa mapovu. Mteja wangu mmoja aligundua gasketi imekwenda akiwa katikati ya kona za Mombo kupanda Lushoto, gari aliyoijaribu siku tatu mfululizo hapa mjini bila tatizo.

Sasa niseme na yale ambayo mafundi huwa hatuyasemi mbele ya mteja.

Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, kinanipa picha ya ringi na vali. Silinda nne zikisoma karibu sawa, nalala vizuri, hata zikiwa chini kidogo zote. Moja ikiachana na wenzake kwa zaidi ya asilimia 15, siipitishi. Lakini kompresheni haioni beringi za konrodi, zile za chini zinazobeba mikono ya pistoni. Nimewahi kuipitisha Impreza kwa mkono wangu, silinda zote safi, na baada ya miezi mitatu ikaanza kugonga chini. Yule kaka hakunilaumu, ila mimi bado nalifikiria. Tangu hapo naikata filta ya oili kwa msumeno, naikunjua ile karatasi yake na kuigeuza juani kutafuta chuma kinachometameta. Inasaidia. Lakini muuzaji akibadilisha oili na filta juzi yake, karatasi inatoka safi na mimi nabaki na masikio yangu tu. Gari yenye oili mpya ya dhahabu siku ya kuuzwa, isiyo na risiti hata moja ya nyuma, inanipa wasiwasi kuliko yenye oili ya kahawia na daftari chafu la sevisi.

Na ipo gari moja ambayo kilomita nitakuuliza mimi mwenyewe: Mazda RX-8. Injini yake haina pistoni, ina rota mbili zenye pembe tatu zinazozunguka, na sili za kwenye ncha zake ndizo zinazoliwa. Hapo umbali una maana kubwa, pamoja na jinsi ilivyokuwa inawashwa na kuzimwa. Inakula oili kwa makusudi, ili kulainisha sili hizo, na mwenye mazoea ya kupima oili mara moja kwa miezi mitatu anaiua. Geji yangu ya kawaida ya kompresheni haitoshi kuipima, kwa sababu kila rota ina nyuso tatu na unahitaji kusoma kila uso peke yake. Ukiniletea RX-8 nitakwambia wazi kuwa siwezi kukuhakikishia, na ukinunua, nunua kwa bei ambayo ndani yake kuna pesa ya kuifungua injini.

Kwa nyingine zote, fanya hivi. Ukiwa na milioni kumi, tafuta ya milioni saba. Hizo tatu ni za belti, water pampu, oili zote mpaka ya difu, breki, tairi. Gari ya michezo ya bei rahisi inageuka ghali pale mtu anapomaliza pesa yote kwenye kununua, kisha anaiendesha na belti ya mungu anajua.

Yule kijana wa Altezza nimemwambia aende Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, na ampigie mwenye gari Ijumaa jioni amwombe asiiwashe. Akifika, kabla ya salamu kwisha, aweke kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, imeshawashwa ili asisikie mlio wa baridi; aage aondoke. Ikiwa ya baridi, asimame nyuma ya silensa wakati inawashwa, aangalie moshi wa bluu wa sekunde za kwanza, asikilize kama kuna mlio wa chuma unaochelewa kunyamaza. Halafu aulizie risiti ya kubadilisha belti mara ya pili, ile ya kwenye laki mbili. Mimi nitakuwa gereji kuanzia saa mbili na nimeshamtengea stendi.