Breki inayokamata gurudumu moja

Oktoba 1997, nchini Uswidi, mwandishi wa habari za magari Robert Collin alilijaribu gari dogo jipya la Mercedes-Benz, A-Class. Jaribio lilikuwa la kukwepa mnyama aliyekatiza barabara ghafla: unakata usukani upande mmoja, kisha unaurudisha upande wa pili hapo hapo. Gari likapinduka.

Kinachoniuma ni kwamba dawa ilikuwapo. Miaka miwili kabla, Bosch na Mercedes walikuwa wameshauingiza sokoni mfumo wa ESP, unaolizuia gari lisipoteze mwelekeo linapoteleza, kazi ya timu ya mhandisi Anton van Zanten, ila ulianzia kwenye S 600 ya milango miwili, gari la matajiri. Baada ya ajali ile Mercedes ilisimamisha uuzaji kwa muda, ikaufunga mfumo huo kwenye kila A-Class.

Kazi yake ni hii. Sensa (kihisi) ya usukani inasoma unakotaka kwenda. Nyingine, katikati ya gari, inapima gari linavyozunguka kweli. Hesabu zisipolingana, kompyuta haisubiri ukanyage pedali. Mkia ukianza kufagia nje ya kona, inakamata breki ya gurudumu la mbele la upande wa nje, na mkia unarudi. Pua ikigoma kukata kona, inakamata la nyuma la upande wa ndani. Hapo hapo inapunguza nguvu ya injini. Hakuna dereva, hata awe hodari vipi, anayeweza kukanyaga breki ya gurudumu moja.

Marekani ikaulazimisha kwa magari madogo yote mapya kuanzia modeli ya 2012, na Ulaya ikafuata mwishoni mwa 2014.

Kwetu, magari mengi yaliyotumika kutoka Japani yanakuja nao: Toyota wanauita VSC, Nissan VDC, Honda VSA. Taa yake kwenye dashibodi ni picha ya gari dogo lenye mistari miwili iliyopinda nyuma yake. Ikipepesa unapoteleza, mfumo uko kazini. Ikiwaka moja kwa moja, huna ulinzi huo, na kuifunika kwa selotepu, jambo ninalolikuta kwenye ukaguzi, hakurudishi kitu. Mara nyingi chanzo ni sensa ya gurudumu iliyojaa tope, au usukani uliofanyiwa alaimenti (kunyoosha magurudumu) bila sensa yake kuwekwa sawa upya kwa mashine. Mwambie fundi aanzie hapo. Tena atazame tairi, maana tairi kipara halina mshiko, na breki hiyo haina pa kushika.