Upepo katika breki: maana yake, na namna unavyotolewa kwenye gari za zamani

Upepo katika breki ni hewa au mvuke ulioingia ndani ya mafuta ya breki, ukakaa kwenye mabomba, kwenye masta silinda (pampu kuu inayosukumwa na pedeli) au kwenye silinda za magurudumu, kiasi kwamba nguvu ya mguu wa dereva huishia kuibana hewa hiyo badala ya kufika kwenye shuu na pedi, yaani vipande vinavyosugua ili kulizuia gurudumu. Kutoa upepo ni kuyasukuma mafuta mapya katika mfumo mzima mpaka mapovu yote yatoke. Hapa Unguja na Pemba, ambako gari nyingi za watu wa kawaida zilikwishatumika kwingine kwa miaka kabla ya kushushwa bandarini, kazi hii hufanywa sana uani kwa mtu, yeye na spana zake, na kijana mmoja wa kukanyaga pedeli. Sioni ubaya wa jambo hilo, maadamu mwenye kulifanya anaelewa anachokitafuta.

Kimiminika hakibaniki kwa nguvu ya mguu, lakini hewa hubanika. Mwenye kutaka kuliona hilo achukue bomba la sindano lililotolewa sindano yake, alijaze maji bila ya kuacha povu, azibe mdomo wake kwa kidole kisha asukume, kijiti hakitasogea. Akiacha povu dogo ndani, kijiti kitaingia, na akikiachia kitarudi chenyewe. Pedeli ya gari yenye upepo hufanya vivyo hivyo: huzama, hubonyea, hurudi.

Hata hivyo si kila pedeli inayozama ina upepo, na hapa ndipo watu wengi hupoteza mafuta na muda wao. Ikiwa pedeli inakwenda chini mara ya kwanza, lakini ukipampu mara moja au mbili inapanda na kuwa ngumu kabisa, aghalabu shuu za nyuma zimekwisha au zimekaa mbali na dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, na dawa yake ni kuzirekebisha au kuzibadilisha. Ikiwa inashika vizuri, kisha inashuka polepole huku mguu umetulia juu yake, na hakuna mafuta yanayovuja popote, basi raba kapu za masta silinda, yaani vikombe vya raba vya kwenye pistoni vinavyozuia mafuta yasipite, zimechoka na mafuta yanapita ndani kwa ndani. Pedeli yenye upepo hata ikipanda kwa kupampu hubaki laini chini ya mguu. Kwa sababu hiyo shuu hurekebishwa kwanza, na upepo hutolewa baadaye.

Hewa huingia mfumo unapofunguliwa, kibuyu cha mafuta kinapoachwa kikakauka, au raba iliyozeeka inaporuhusu. Mvuke una njia yake nyingine. Mafuta ya kawaida ya breki, yaani yale ya madaraja ya DOT 3 na DOT 4 yanayoandikwa kwenye chupa, hunyonya unyevu wa hewani, na visiwani kwetu unyevu hauna msimu wa kwisha. DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini yakishabeba maji kiasi cha asilimia 3.7 kiwango hicho huteremka hadi nyuzi 140. Gari iliyopakia, ikiteremka vilima vya Pemba huku dereva amekalia breki badala ya kutumia gia ndogo, inaweza kuyachemsha mafuta ya namna hiyo, na pedeli ikakosa nguvu pale pale inapohitajika. Ikishapoa, breki hurudi na dereva hudhani tatizo limekwisha, ilhali maji bado yamo ndani. Ni busara kuyabadilisha mafuta yote kila baada ya miaka miwili, na chupa iliyokaa wazi muda mrefu isitumike hata kama imejaa.

Katika kazi yenyewe, gari huinuliwa mahali tambarare, magurudumu yaliyobaki chini yakawekewa vizuizi, na jeki ikatandikiwa ubao ili isizame mchangani. Chini ya gari iwekwe stendi ya chuma. Mawe ya matumbawe na matofali ya saruji yenye matundu hupasuka bila ya taarifa, na mtu asiingie chini ya gari iliyoegemea vitu hivyo. Kwa gari zetu za usukani wa kulia, kawaida huanzwa gurudumu la nyuma kushoto, ambalo liko mbali zaidi na masta silinda, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, na mbele kulia. Mpira mwembamba unaoonyesha ndani huvishwa kwenye skrubu ya kutolea upepo ya gurudumu husika, na ncha yake ya pili huzamishwa katika chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi hukanyaga na kushikilia, skrubu hufunguliwa, mapovu hutoka, skrubu hufungwa, ndipo mguu unapoachia. Mguu ukiachia kabla ya skrubu kufungwa, hewa hurudi ndani na kazi huanza upya. Kibuyu kiangaliwe na kijazwe kabla hakijashuka sana.

Kwenye gari kuukuu ningesisitiza jambo moja ambalo mafundi wazoefu hulifanya bila ya kulieleza: kipande cha ubao huwekwa chini ya pedeli ili isifike sakafuni. Sehemu ya mwisho ya masta silinda, ambayo kwa miaka haikupitiwa na pistoni, hushika kutu, na raba kapu zikisukumwa hadi huko huchanika. Gari iliyoingia uani na upepo tu hutoka na masta silinda mbovu.

Mafuta ya injini au ya usukani yasitiwe kamwe kwenye breki, hata kwa dharura, kwa kuwa huvimbisha raba zote za mfumo. Mafuta ya breki nayo hubabua rangi ya gari, kwa hivyo yakimwagika huoshwa kwa maji papo hapo. Vumbi la dramu lisipulizwe, maana shuu za zamani zinaweza kuwa na asbesto. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa.

Upepo ukirudi baada ya siku chache, maana yake ni kwamba kuna mahali unapoingilia, na kuendelea kuongeza mafuta ni kuahirisha ajali. Baadhi ya gari za kale, zikiwemo Land Rover nyingi za miaka ya 1960, zina mfumo wa njia moja, ambapo uvujaji wa gurudumu moja unaweza kuziondoa breki zote nne. Dramu ifunguliwe, kifuniko cha raba cha silinda ya gurudumu kivutwe kidogo kwa ncha ya bisibisi. Mafuta yakichuruzika, silinda hiyo ibadilishwe, na shuu zilizolowa zibadilishwe pamoja na za gurudumu la upande wa pili, ili gari isivute upande mmoja inaposimamishwa.